Tunataka kupima maji ya kijito chetu: tuanzie wapi ili namba zetu ziaminike?

Swali. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumiaji maji ya kijiji kimoja mkoani Mara. Kijito chetu kinaingia Mto Mara. Wazee wanasema zamani maji yalikuwa safi mwaka mzima, lakini sasa masika ni tope tupu na kiangazi yananuka. Juu yetu kuna josho, mashamba na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Tumepewa kifaa cha pH (kinachoonyesha tindikali ya maji), kingine kinachoonyesha "TDS", na vipande vya karatasi vya kupimia naitreti (chumvi ya mbolea na kinyesi). Tupime nini, mara ngapi, na tukipeleka namba zetu kwenye bodi ya maji ya bonde watatuamini?

Jibu. Ndugu Katibu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote. Namba inaaminika pale ambapo mtu mwingine anaweza kuona ilivyopatikana: kituo gani, saa ngapi, kwa kifaa kipi, kilichosahihishwa lini, na namba za siku nyingine za kituo hichohicho zinasemaje. Mtakumbuka Machi 2022, maji ya Mto Mara karibu na daraja la Kirumi yalipogeuka meusi na samaki wengi wakafa. Mabishano juu ya chanzo yalikuwa makali: wapo waliotaja mgodi, wapo waliotaja kinyesi na mkojo wa mifugo. Tukio la namna hiyo likitokea, chupa ya maji iliyochotwa baada ya samaki kuelea husema machache, kwa kuwa kilichowaua huenda kimeshapita na mkondo. Mwenye la kusema ni yule anayejua oksijeni ilikuwaje wiki iliyotangulia, na mwezi kama huo mwaka jana.

Tena bonde hili lina mambo yake ya asili yanayofanana sana na uchafuzi. Upande wa Kenya, eneo la Maasai Mara, kuna viboko zaidi ya 4,000, na watafiti wamekadiria kuwa huingiza mtoni karibu tani 36 za kinyesi kila siku. Kiangazi kinyesi hicho hutuama kwenye madimbwi yao na maji ya chini huishiwa oksijeni. Mvua kubwa ikinyesha juu, mafuriko huyazoa yote kwa mkupuo, oksijeni ya mto inaporomoka na samaki wanakufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa hali hiyo hujirudia. Asiye na kumbukumbu za nyuma ataapa kwamba ni sumu, na mwenye sumu kweli naye atasingizia viboko au ng'ombe. Daftari lenu ndilo litakalowatoa hapo.

Basi kabla ya kufungua boksi la vifaa, chagueni vituo. Vitatu vinatosha kuanzia. Kimoja kiwe juu kabisa, kabla ya josho na machimbo. Hicho ndicho kioo cha vingine. Cha pili kiwe chini ya josho na machimbo. Cha tatu kiwe chini ya kijiji, kabla kijito hakijaingia Mto Mara. Mkiwa na nguvu ya cha nne, tenganisheni josho na machimbo, kwa sababu madhara yao hayafanani. Kituo cha pili kinahitaji uangalifu: maji yanayoingia kutoka mfereji wa josho au machimbo hukumbatia ukingo wake kwa muda kabla ya kuchanganyika na mto. Ukichota mita tano tu chini ya mfereji, ukingo mmoja utakupa namba ya mfereji na wa pili utakupa namba ya mto. Shukeni na kifaa cha TDS mkipima kushoto, katikati na kulia; pale namba tatu zinapolingana ndipo maji yameshachanganyika, na hapo ndipo pa kuweka kituo. Pigeni alama kwenye jiwe au mti, na mwandike namba za mahali za GPS kutoka kwenye simu.

Faida ya kuwa na juu na chini ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mvua, kiangazi na joto vinagusa vituo vyote kwa pamoja. Josho linagusa vya chini peke yake. Kwa hiyo kinachozungumza ni tofauti kati ya juu na chini siku ileile. Mkipima kituo cha juu Jumatatu na cha chini Alhamisi baada ya mvua, mmepoteza nusu ya thamani ya kazi yenu.

Tahadhari mbili hapa. Msiingie majini kwenye Mto Mara wenyewe kwa ajili ya kupima. Kuna mamba na viboko. Kule chota ukiwa darajani, kwa ndoo na kamba. Na kwenye kijito, vaeni mabuti ya mpira na glavu, kwani bonde la Ziwa Victoria lina kichocho, na konokono wanaokibeba wanapenda maji yaendayo polepole kando ya majani.

Sasa vifaa. Kile cha TDS, herufi za Kiingereza za "jumla ya vitu vilivyoyeyuka", hakipimi kiasi cha vitu hivyo. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, halafu kinazidisha kwa kigezo kilichowekwa kiwandani, kwa kawaida kati ya 0.5 na 0.7. Vifaa viwili vyenye vigezo tofauti vitatoa majibu mawili kwa maji ya ndoo moja, na ugomvi utaanzia hapo. Vingi vina kitufe cha kubadili kipimo: kibonyezeni hadi kionyeshe µS/cm (maikrosimensi kwa sentimita, kipimo cha upitishaji umeme), na muandike hiyo. Kila asubuhi ya kupima, mimina kidogo maji ya kusahihishia ya 1413 µS/cm kwenye kikombe safi, chovya kifaa, andika kilichosomeka hata kama si sahihi, ndipo ukisahihishe. Maji hayo yakishatumika yamwagwe, kamwe yasirudishwe kwenye chupa. Hiki ndicho kifaa chenu kigumu kuharibika na chepesi kutumia, nami ningekitegemea kuliko vyote viwili vilivyobaki. Jueni tu kwamba kiangazi namba hupanda yenyewe kwa sababu maji yamepungua na chumvi zimebaki.

Kifaa cha pH ni cha kudekeza. Kichwa chake cha kioo kikikauka kinazeeka, na kikihifadhiwa kwenye maji ya betri yasiyo na tindikali kinaharibika vilevile, kwa kuwa maji matupu yanafyonza chumvi iliyo ndani yake. Kihifadhini kwenye myeyusho wa potasiamu kloridi unaouzwa pamoja nacho. Kisahihisheni kwa maji ya pH 7 na 10, na kama mnashuku maji ya machimbo yana tindikali, ongezeni ya pH 4. Mtoni kipeni dakika mbili au tatu kitulie. Maji yenye chumvi chache hukichelewesha. Mito mingi huwa kati ya 6.5 na 8.5. Mkiona 5 siku moja, rudieni kusahihisha kabla ya kupiga simu kwa mtu yeyote.

Vile vipande vya naitreti vina mtego wa kipimo. Vingine vinaonyesha naitreti kamili, vingine vinaonyesha naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti, na tofauti yake ni mara 4.43. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita zikihesabiwa kama naitreti, sawa na takriban 11 zikihesabiwa kama naitrojeni. Someni maandishi madogo kwenye boksi na muandike ni ipi. Tena angalieni tarehe ya mwisho wa matumizi. Unyevu ukishaingia kwenye kopo, karatasi zote zimekwisha.

Viwili vya kuongeza. Cha kwanza mtajitengenezea: mrija wa kupima uangavu. Chukueni bomba la plastiki linalopitisha mwanga, urefu mita 1, kipenyo kama sentimita 4 au 5. Zibeni chini kwa kizibo kilichopakwa rangi robo nyeusi, robo nyeupe, kwa kupishana, na mbandike futi ya fundi cherehani ubavuni, sifuri ikianzia chini. Mimina maji ya mto taratibu huku ukichungulia kutoka juu; pale alama inapotoweka, soma sentimita. Fanyeni kwenye kivuli cha mwili wenu, jua likiwa mgongoni, bila miwani ya jua, na watu wawili wasome kila mmoja kivyake kisha mchukue wastani. Koroga sampuli kabla ya kumimina, maana tope huzama ukigeuka tu. Masika maji yakiwa mazito kiasi kwamba alama inapotea kwenye sentimita 3, hamtaona tofauti ya siku na siku. Hapo changanyeni kipimo kimoja cha maji ya mto na kimoja cha maji safi, muandike kwamba mmechanganya.

Cha pili ni oksijeni, na kwa kijito kinachonuka kiangazi ningesema msikose. Kuna boksi la kemikali za chupa ndogo ambalo halihitaji umeme. Unazamisha chupa, unaijaza bila kiputo hata kimoja, unatia chumvi ya manganizi na kimiminika cha aidayodi chenye alkali, unafunga na kupindua. Tazama tope linalojitokeza ndani: likiwa la kahawia, oksijeni ipo, likibaki jeupe kama maziwa, oksijeni karibu hakuna, na hata kabla ya kukamilisha hesabu umeshajua mto umeelemewa. Ukishatia tindikali, sampuli imetulia na unaweza kumalizia kupima ukiwa kijijini baada ya saa chache. Kwenye mwinuko wa Ziwa Victoria, mita 1,134, maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni yana kama miligramu 7.2 kwa lita. Msishangae kukosa zile 8 na 9 za vitabuni, hizo ni za usawa wa bahari. Chini ya 4 samaki wengi wanahangaika, chini ya 2 wanaanza kufa. Na kumbukeni kwamba mchana mimea ya majini hutoa oksijeni, usiku kila kiumbe huivuta, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa ni alfajiri. Anayepima saa nane mchana anaweza kuona mto wenye afya ambao saa kumi na moja alfajiri samaki walikuwa wakihema juu ya maji. Chagueni wakati mmoja, mfano saa moja asubuhi, msibadili. Na mara moja kwa mwezi mwende alfajiri kabisa kituo cha chini. Joto pimeni mtoni, si kwenye ndoo iliyokaa juani.

Lakini kama ningeruhusiwa kuwapa kipimo kimoja tu kwa kijito chenye josho, ningewapa wadudu. Dawa za kuogeshea ng'ombe, hasa za jamii ya pairethroidi, huua wadudu wa majini kwa kiasi kidogo mno ambacho hakuna karatasi itakayokionyesha. Josho likimwagwa Ijumaa, Jumatatu maji yameshapita na vifaa vyote vinasema salama. Wadudu hawajarudi. Wao hukaa humo miezi, na kutokuwepo kwao ni ushahidi.

Utaratibu ni huu. Tafuteni mahali penye mawe na maji yanayokwenda kasi. Mmoja ashike wavu chini ya mkondo, mwingine asugue mawe na kuchokoa changarawe mbele yake, kwa dakika tano jumla, mkipita pia kwenye majani ya ukingoni na penye mchanga. Matundu ya wavu yasizidi milimita 1. Hapa watu hukosea vibaya: wanakata chandarua kilichogawiwa zahanati. Kile kina dawa ileile ya pairethroidi, nacho kitawaulia wadudu mnaotaka kuwahesabu. Tumieni pazia la wavu lisilo na dawa. Mwageni kilichopatikana kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo, mtulie dakika mbili. Mwanzoni mtaona takataka tu. Kisha jani litatembea, na hicho ni kijidudu kilichojishonea ala ya mchanga na vijiti. Kingine chembamba chenye mikia mitatu kitang'ang'ania chini ya jiwe, na ubavuni mtaona matamvua yakipepea: ndiyo mashavu yake ya kuvutia hewa. Hao wawili hawavumilii maji mabaya. Ruba, minyoo, na mabuu mekundu kama uzi wanaishi popote.

Afrika Kusini walitengeneza mfumo rahisi uitwao miniSASS wenye makundi 13, kila kundi na alama zake. Wenye mikia mitatu wamegawanywa makundi mawili, alama 11 na 5, wenye ala na ndugu zao 9, kaa na kamba 6, mabuu ya kereng'ende wakubwa 6, kunguni maji na mende wa majini 5, konokono 4, ruba, minyoo na mabuu ya nzi 2. Unajumlisha alama za makundi yaliyopatikana na kugawanya kwa idadi ya makundi, bila kujali walikuwa wangapi. Tuseme juu mmepata 11, 5, 9, 6, 6 na 2: jumla 39, wastani 6.5. Chini mmepata minyoo, ruba, mabuu ya nzi, konokono na mende: jumla 15, wastani 3.0. Hiyo ni tofauti ambayo ofisa yeyote wa mazingira ataielewa. Angalizo: madaraja ya "safi" na "imeharibika" ya mfumo ule yalipangwa kwa mito ya kule. Kule wadudu wenye mikia miwili wanaoishi chini ya mawe wana alama 17 na ni wa aina nyingi. Kwetu Afrika Mashariki hupatikana hasa jenasi moja, Neoperla, hivyo kuwakosa si lazima iwe dalili mbaya. Linganisheni juu na chini, msilinganishe na jedwali la ugenini. Tanzania ina mfumo wake, TARISS, lakini unadai mtu aliyefunzwa kutambua familia za wadudu. Ombeni chuo au bodi iwasaidie mara moja kwa mwaka. Wadudu wapimwe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi ukiwa mmojawapo, na kamwe isiwe ndani ya wiki mbili au tatu baada ya mafuriko, kwa sababu mafuriko yenyewe huwazoa.

Kitu ambacho vikundi vingi husahau ni wingi wa maji. Pimeni mita 20 za mto ulionyooka, tupeni chungwa katikati, hesabuni sekunde, mrudie mara tatu. Likitumia sekunde 40, kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85 kwa kuwa maji ya chini huenda polepole, unapata 0.425. Mto ukiwa na upana wa mita 8 na kina cha wastani nusu mita, eneo ni mita 4 za mraba, na maji yapitayo ni mita za ujazo 1.7 kwa sekunde. Maabara ikiwaambia kuna miligramu 200 za tope kwa lita, basi ni gramu 340 kila sekunde, yaani zaidi ya tani 29 kwa siku. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha udongo wa mashamba unaondoka kiasi gani, na siku mbili au tatu za mafuriko huweza kubeba kuliko miezi mizima ya kiangazi. Kwa hiyo ratiba yenu iwe kila wiki mbili, pamoja na safari za ziada maji yanapojaa, mkichota kutoka ukingoni palipo salama.

Zebaki ya machimboni msijaribu kuipima wenyewe. Haikai sana kwenye maji. Huzama na tope na kupanda kwenye samaki, kwa hiyo ombeni maabara ipime tope la chini na samaki, na wakitaka maji pia, chupa iwe ile watakayowapa wao, yenye tindikali tayari, kwa sababu zebaki hupenya plastiki ya kawaida. Bakteria nao ni kazi ya maabara: chupa iliyochemshwa kitaalamu, isisuuzwe mtoni, ikae kwenye barafu na ifike ndani ya saa sita. Chupa za vipimo vingine zisuuzwe mara tatu kwa maji ya mto, mdomo ukielekea mkondo unakotoka, sentimita 20 hivi chini ya uso wa maji, na msioshe kwa sabuni ya unga kama mnapima fosfeti.

Daftari liandikwe kwa penseli, maana wino hukimbia ukilowa. Kila ukurasa: tarehe, saa, kituo, aliyepima, namba ya kifaa, kilichosomeka wakati wa kusahihisha, mvua ya siku tatu zilizopita, kimo cha maji kwenye alama yenu ya jiwe, na lolote lililoonekana, kama ng'ombe walikuwa majini au josho limetumika wiki hiyo. Ukikosea, piga mstari mmoja na uandike pembeni, usifute. Kila safari kituo kimoja kipimwe mara mbili na watu tofauti. Tofauti baina yao ndiyo inayowaambia badiliko dogo kiasi gani mna haki ya kulitangaza.

Kwa mazingira ya kando ya mto, pigeni picha kutoka jiwe lilelile, upande uleule, kila miezi mitatu. Picha za setilaiti za Landsat za tangu miaka ya 1980 zinapatikana bure, kwa undani wa mita 30. Sentinel-2 ina mita 10 na hupita kila siku tano, mawingu ya masika yakiruhusu. Kijito chenu ni chembamba mno kuonekana maji yake, ila miti ya kingoni na mashamba yanayosogea vinaonekana, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Kwa maneno ya wazee kuhusu zamani, hiki ndicho kipimo pekee kinachorudi nyuma.

Mwaka mmoja utawapa picha ya majira. Kusema "maji yanaharibika" subirini angalau miaka miwili au mitatu. Kusema "chini ya josho ni kubaya kuliko juu" miezi sita yenye tofauti ileile kila safari inatosha kuwafuata Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Jumuiya yenu inatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kwa hiyo nendeni mwanzoni kabisa mkawaonyeshe vituo na mwombe wapime pamoja nanyi siku moja. Namba mbili zikilingana mbele yao, hamtakuwa na haja ya kuwashawishi baadaye.

Mwisho, wekeni boksi la dharura: chupa mbili za lita moja, chupa za oksijeni, jokofu la barafu la mkononi, mifuko ya plastiki, na namba za simu za bodi, NEMC (baraza la taifa la mazingira) na maabara ya maji. Siku samaki wakielea, kwanza pimeni oksijeni na joto, hapohapo. Kisha jazeni chupa pale palipo na wafu na nyingine juu yake ambako samaki wangali hai. Chukueni samaki wanaohema bado au waliokufa muda huohuo, muwaweke kwenye barafu. Waliovimba waacheni, hawana tena la kumwambia mtu wa maabara. Andikeni ni aina gani wamekufa na gani wamepona, mfano kama kambale wapo hai, kwa kuwa kambale huvuta hewa ya juu: wakipona wao huku sato wamekufa, oksijeni ndiyo ya kwanza kushukiwa; wakifa wote kwa pamoja, mwambieni mtu wa maabara atafute sumu.